Tarumbeta Upande Huu wa Mto

Baba yangu alikufa akiwa amevaa kiatu kimoja. Ilikuwa Jumapili asubuhi, nyumbani kwetu Adungosi, na mama alikuwa ametoka nje kumwaga maji ya kuoga. Aliporudi alimkuta ameketi kitandani, ameinama, kana kwamba anakitafuta kile kiatu cha pili. Akamwambia, "Mathew, kiatu si hicho hapo mbele yako?" Akamwambia tena. Halafu akamwekea mkono mgongoni, na hapo ndipo alipojua.

Mama hulieleza jambo hili vivyo hivyo kwa kila anayekuja kutupa pole, haongezi wala hapunguzi. Mimi nilikuwa Malaba, ninakofanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha. Simu ilipolia niliona jina la baba kwenye kioo, nikapokea huku nacheka, kwa sababu alikuwa na mazoea ya kunipigia Jumapili kuniuliza kama nimeamka. Lakini ilikuwa sauti ya mama. Alisema tu, "Mercyline, kuja." Nilifunga mlango nikatoka na kandambili miguuni.

Jina lake lilikuwa Mathew Omagor, na kusema kweli wengi hapa mpakani hawakulijua. Ukiuliza Omagor watakujibu, Omagor yupi? Sisi Wateso tunao wengi. Lakini ukisema yule mzee wa tarumbeta, hata mwendesha boda boda aliyezaliwa bendi ikiwa imeshakufa angekufikisha mpaka mlangoni.

Tarumbeta alilikuta kanisani, kwenye bendi ya misheni, miaka ile kabla ya Uhuru. Wenzake waligombania ngoma. Yeye alipewa tarumbeta kwa kuwa ndilo lililobaki, na lilikuwa limebonyea upande mmoja kama sufuria iliyoanguka. Alituambia kwamba mwanzoni lilitoa sauti ya ng'ombe anayezaa. Nyanya yetu akamfukuza nalo karibu na zizi, akidai ng'ombe wake wanaogopa na maziwa yanapanda juu, hayakamuliki. Kwa hiyo alijifunzia kwenye kijito, peke yake, na alipokua mzee alikuwa bado anasema kwamba maji ndiyo yaliyomfundisha kuvuta pumzi. Sijui alimaanisha nini. Nilikuwa nikidhani kuna siku nitamuuliza.

Alipokuwa kijana aliondoka Adungosi akaenda Malaba, akaingia bendi iliyokuwa ikipiga katika baa moja nyuma ya maegesho ya malori. Iliitwa Mpakani Jazz. Siku zile kila bendi ilijiita Jazz, hata kama ilipiga rumba kutoka Ijumaa hadi Jumapili, na Mpakani nayo ilipiga rumba kama wengine. Ila baba alilichukua jina lile kwa uzito. Alikuwa na redio ndogo iliyonasa stesheni za mbali, na jioni aliiweka sikioni kutafuta jazz yenyewe, ile ya Wamarekani weusi. Dereva mmoja wa trela kutoka Mombasa alimletea sahani ya santuri isiyo na jalada, isiyo hata na jina, karatasi ya katikati imebanduka. Baba hakuwa na gramafoni. Alipanda baiskeli kutoka Malaba hadi Busia, kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa nayo, akasimama pale kaunta akisikiliza upande wa kwanza, akageuza, akasikiliza wa pili, kisha akapanda baiskeli akarudi. Alifanya hivyo mpaka mwenye duka akamwomba radhi, akasema sindano yake inaisha.

Aliyoyasikia humo aliyachomeka ndani ya rumba. Wacheza dansi walilalamika. "Omagor," walimwambia, "unatupotezea mguu." Yeye alicheka akaendelea.

Opolot alitokea katika miaka ile mibaya ya upande wa pili, watu walipokuwa wakivuka kutoka Uganda na magodoro kichwani. Alikuwa Mteso kama baba, lugha moja, maana mto uliwekwa kuwa mpaka wakati sisi tulikuwa tayari tunaishi kandokando yake. Aliingia mchana mmoja bendi ikifanya mazoezi. Suruali ilikuwa na matope hadi magotini, na begani alibeba gunia la mtama. Walidhani anauza. Akatia mkono ndani ya mtama akatoa saksafoni, akaipuliza punje zilizoingia, akasema, "Naweza kukaa na nyinyi kidogo?"

Baba alipiga kifungu kimoja kumjaribu. Opolot akakijibu. Baba akauliza tena kwa namna nyingine, ya ukorofi kidogo, na Opolot akamjibu kwa ukorofi vilevile. Wakaendelea hivyo mpaka wenzao wakaweka gitaa chini wakawatazama. Tangu siku hiyo hadi mauti hawakuachana, na kutokana na mchana ule walipata wimbo wao wenyewe usio na maneno. Haukupewa jina. Bendi iliuita tu "ile ya wawili": tarumbeta linauliza, saksafoni inajibu. Ilipigwa mwisho wa kila dansi, na watu walijua ikianza ni kutafuta viatu na kwenda nyumbani.

Mama yangu, Wilkister, ni Mluhya wa Matayos. Alimwona baba katika dansi ya mchana pale Busia, alikoenda na binamu yake kwa kuiba, kwa sababu baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Ukimuuliza alimpendea nini, hatakwambia muziki. "Alikuwa akitaka kumwaga mate ya ndani ya tarumbeta," husema, "anageuka kwanza, anatupa mgongo, ndiyo tusione. Nikasema huyu mtu amelelewa." Babu alikataa katakata. Alisema hawezi kumpa binti yake mtu anayekula kwa kupuliza chuma. Mama alimfuata Mathew hata hivyo, na ni mimi, nilipozaliwa, niliyemfanya babu aje Adungosi mara ya kwanza. Siku hiyo baba alimpigia nyimbo za kanisa tangu chai hadi chakula, na babu akaondoka akisema angalau chuma chenyewe kinamjua Mungu.

Mpakani Jazz haikuvunjika kwa ugomvi kama bendi nyingine. Ilikonda. Kwanza mwimbaji, halafu mpiga gitaa la pili, halafu mke wa mpiga gitaa la pili. Wakati huo ugonjwa ule ulikuwa unapita na barabara kuu, na Malaba iko barabarani. Watu walisema amerogwa, watu walisema ni malaria iliyokataa dawa, na sisi watoto tulijua tu kwamba anko fulani haji tena nyumbani kula kuku. Wenye baa wakaleta kaseti na spika kubwa. Kufikia nilipoingia sekondari, kati ya wanaume tisa waliokuwa wakivaa suti za rangi ya maziwa, waliokuwa bado wanapiga ni baba na Opolot.

Wale wenzake wote baba aliwazika kwa tarumbeta. Alisimama kichwani pa kaburi, jeneza likishuka, akapiga. Hivyo ndivyo alivyogeuka kuwa mtu wa matanga. Waliokuja kumzika mpiga ngoma walimwomba aje kumzikia baba yao, na waliokuja kwa huyo baba wakamwomba kwa mama yao. Siku za kazi alikuwa fundi wa baiskeli sokoni Adungosi, vidole vyeusi kwa grisi. Jumamosi alinawa kwa sabuni ya unga, akafunga tarumbeta ndani ya blanketi la mtoto, langu mimi, akalikaza kwenye keria ya baiskeli, akaenda kuzika watu asiowajua. Opolot, ambaye alikuwa amesharudi kwao ng'ambo baada ya vita kutulia, alivuka daraja kumfuata. Nyakati nyingine walialikwa ng'ambo, na baba ndiye aliyevuka. Askari wa pande zote mbili waliwajua, wakawa wanawapungia tu mkono.

Kisha ukaja mwaka wa korona.

Hamkuiona Malaba mwaka ule kama hamkuwa hapa. Malori yalipanga foleni mpaka mtu akasahau mwisho wake uko wapi. Madereva walipika chini ya trela zao wakingoja majibu ya kupimwa, na wanakijiji waliwaogopa kama moto. Daraja lilibaki kwa mizigo peke yake. Mtu wa miguu hakuvuka, awe ana mke ng'ambo au mzazi au shamba. Opolot alikuwa kwao. Baba alikuwa kwake. Walizungumza kwa simu, na kwa kuwa wote wawili masikio yalikuwa yamechoka, walipayukiana kiasi kwamba mama alisema hawahitaji simu, wangetoka tu nje wapige kelele.

Opolot alianza kwa kikohozi. Sijui kama ilikuwa korona, hakuna aliyempima. Binti yake, Adeke, ndiye aliyetupigia asubuhi moja. Nilikuwa nyumbani siku hiyo, ofisi ilikuwa imetupa zamu. Baba alisikiliza, akasema, "Ejok," neno la Kiteso la kusema vema, akanipa simu akaenda kuketi kwenye kigoda cha kazi, mbele ya baiskeli iliyopinduliwa, akalizungusha gurudumu kwa kidole. Alilizungusha likasimama. Akalizungusha tena.

"Mercyline," Adeke aliniambia, "mwambie Papa asijaribu kupitia njia za panya. Jana wameshika watu. Hata sisi hapa tumeambiwa tuzike wachache, na upesi. Ni kesho."

Nilimwambia. Akasema, "Kwao panaonekana ukiwa pale mtoni, juu kidogo ukishapita daraja."

"Papa, tutaona nini kutoka huko?"

"Mimi siendi kuona."

Kesho yake nilimpakia boda boda, yeye katikati, mimi nyuma, tarumbeta mapajani mwake ndani ya blanketi. Tuliacha barabara ya foleni tukapita vichochoro vya mashamba mpaka mahali ambapo mto ni mwembamba. Ng'ambo kulikuwa na mihogo, halafu mteremko, halafu boma la Opolot. Tuliona turubai la bluu na watu wachache wakiwa wamesimama mbalimbali, kama walivyoamriwa. Baba alikuwa amevaa suti yake ya bendi. Ilikuwa imegeuka njano, na ilimpwaya mabegani.

Hatukukaa sana kabla askari kijana hajatujia akiwa na barakoa kidevuni. "Mzee, hapa si pa kusimama. Mnangojea kuvuka?"

"Hatuvuki, afande," nikasema. "Rafiki yake anazikwa pale."

Askari akatazama ng'ambo, akamtazama baba, akaona blanketi. "Basi fanyeni haraka."

Nilimpigia Adeke. Akaninong'oneza kwamba wanatoa mwili nje. Nikamwashiria baba. Akalifungua blanketi, akanipa nilishike, akavuta pumzi.

Alianza "ile ya wawili". Nilikuwa nimeisikia maisha yangu yote, lakini siku zote ndani ya kelele za watu na vyombo. Pale mtoni ilitoka peke yake, ikavuka maji, na nikaona wale watu chini ya turubai wakigeuka mmoja mmoja kutuelekea. Akapiga kile kifungu cha kwanza, lile swali. Halafu akateremsha tarumbeta kifuani akasimama kimya.

Nilidhani pumzi imemkatika. Alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sabini. Nikamsogelea. "Papa, umechoka?"

Akatikisa kichwa bila kunitazama. Kidevu chake kilikuwa kinakwenda juu na chini taratibu, na kiatu kilikuwa kinagonga udongo. Muda ukapita. Akalipandisha tarumbeta mdomoni akapiga kifungu cha pili, na kilikuwa kinajibu kitu ambacho sisi wengine hatukukisikia. Akateremsha tena.

"Amemaliza?" askari akaniuliza.

"Sijui."

"Bado," baba akasema. "Sasa ni zamu ya Opolot."

Tulisimama watatu tukingoja saksafoni ambayo haikuwepo. Maji yalipita. Baba aliacha nafasi ya Opolot nzima, hakuifupisha, na ilipokwisha akaingia palepale alipotakiwa kuingia. Mashavu yake yalikuwa yamelowa mpaka kwenye kola. Mimi nililiuma lile blanketi ili nisitoe sauti.

Hakumaliza. Gari la wakubwa lilionekana likija kwa njia ya shamba, na askari akatuambia kwa upole lakini kwa haraka, "Mzee, tafadhali. Nendeni. Nitaulizwa mimi." Baba alikuwa ameteremsha tarumbeta, ilikuwa zamu ya mwenzake. Nililifunga mwenyewe ndani ya blanketi, nikamshika mkono. Tulipoingia Adungosi, akisaidiwa kushuka pikipiki, aliniambia, "Nimeondoka akiwa katikati."



Kiharusi kilimkuta kabla ya mwezi kuisha. Aliamka mkono wa kulia umelala na mdomo umevutwa upande mmoja. Mkono ulirudi polepole. Miguu ilirudi kwa fimbo. Maneno nayo yalirudi, mazito, kama ya mtu aliye na chakula kinywani. Mdomo wenyewe ulibaki hivyo hivyo. Chai ilimchuruzika pembeni, na mama alikuwa na kitambaa begani cha kumpangusa, akimpangusa huku akizungumza mambo mengine ili asione haya. Siku moja nilimkuta chumbani ameketi na tarumbeta. Aliliweka mdomoni, akapuliza, hewa ikatokea pembeni pale palipolegea. Haikuwa sauti hata ya ng'ombe. Ilikuwa upepo tu. Alilirudisha ndani ya blanketi na kulifunga kwa makini, kila pembe.

Mpaka ulipofunguliwa kwa watu nilimvusha kwenda kaburini. Adeke alitupokea kwa kilio, akisema "Banange, Papa, banange," yaani jamani, jamani, akimshikashika uso. Alitutolea viti kando ya kaburi, ambalo lilikuwa limeshawekewa saruji, na hapo ndipo alipotuambia jambo tusilolijua.

"Siku ile tulipowasikia," alisema, "katekista alinyamaza. Halafu Papa ukanyamaza. Sasa sisi tunashangaa, mbona amenyamaza? Ni mama aliyejua. Mama alianza kuimba kwa mdomo, hivi, sehemu ya baba, ile ya saksafoni. Na wazee wengine waliokuwa wanajua wakamfuata. Kila ukinyamaza, wanaimba. Hamkusikia?"

"Hatukusikia," nikasema.

"Upepo ulikuwa unakuja kwetu," Adeke akasema. "Na hata wewe Papa ulipoacha kabisa kupiga, waliendelea mpaka wakamaliza."

Baba alikuwa amelichukua tarumbeta, sijui kwa nini, maana alijua hawezi kulipiga. Aliliweka mapajani. Vidole vyake vikaanza kubonyeza vitufe vile vitatu, kifungu kwa kifungu, na katika ukimya ule tulisikia vitufe vikigonga, tk, tk-tk, wimbo wote bila pumzi. Alipofika mwisho wake, ule ambao hakuufikisha mtoni, aliinamisha kichwa juu ya tarumbeta akalia kama mtu anayetapika. Sijawahi kusikia kilio cha namna ile, na naomba nisikisikie tena.

Ni mama aliyemrudishia sauti. Mhudumu wa mazoezi ya viungo alikuwa amemwambia apulize mshumaa na maputo kila siku, na baba aliona ni upuuzi. Asubuhi moja, barazani, mama alimletea tarumbeta, akasimama ubavuni mwake, akaweka kidole gumba kwenye ile pembe ya mdomo iliyolegea, akaibana. "Haya, puliza." Upepo. "Puliza tena, mimi nimeshika." Wakajaribu hivyo siku baada ya siku. Majirani waliopita kwenda sokoni waliwaona, mwanamke mzee amemshika mumewe mdomo, na wengine walicheka wakafikiri ni mchezo wa wazee. Halafu siku moja ikatoka noti. Moja, yenye mikwaruzo. Jirani aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya ua aliacha jembe akapiga kelele, "Eyalama, Papa!" akimshukuru kana kwamba amepewa kitu.

Kutoka noti moja walifika tatu, na kutoka tatu wakafika mstari mzima wa wimbo wa kanisa, ule mwepesi. Iliwachukua zaidi ya miaka miwili. Boaz, katekista wetu wa sasa, aliposikia alikuja nyumbani akamwomba aupige Jumapili.

Mama aliona haya. "Watu watasema nini, mimi nimesimama mbele ya madhabahu nimemshika mume wangu mdomo?"

Baba alijibu kwa yale maneno yake mazito, "Watasema ana mke."

Jumapili hiyo ndiyo ile niliyoanza nayo. Alioga, akavaa shati alilopigiwa pasi na mama tangu jana yake, akavaa soksi, akavaa kiatu kimoja.

Tulimzika Adungosi, nyuma ya nyumba, karibu na mama yake. Watu walikuja wengi kuliko nilivyowahi kuona. Walikuja kutoka Matayos, kutoka Busia, walivuka kutoka Uganda kwa miguu na kwa baiskeli alizotengeneza mwenyewe. Madereva wa trela wawili waliacha magari Malaba wakaja na boda boda. Adeke alikuja na mama yake, mjane wa Opolot, ambaye sasa haoni vizuri na alitaka aguse jeneza kwanza ndipo aketi. Kwaya iliimba kwa kinanda cha umeme. Hotuba zilikuwa ndefu. Kila aliyesimama alisema Mzee alimzikia baba yake, alimzikia mwanawe, alimzikia mke.

Kisha jeneza likaanza kushuka, na hapo jambo likatokea ambalo hakuna aliyelipanga. Watu walinyamaza. Kwaya ikanyamaza, Boaz akafunga kitabu, wenye kamba wakaacha kuziachia. Kwa miaka yote ile, hapo ndipo tarumbeta lilipokuwa likiingia, na watu wote wale walikuwa wameshazoea. Wakangoja. Nami pia, nisiseme uongo, nilingoja. Hakuna mtu hata mmoja, kutoka Busia hadi Malaba, aliyebaki akijua kupiga. Ndipo nilipomsikia mama, ambaye alikuwa hajalia tangu Jumapili, akisema kwa Kiluhya, taratibu, kama mtu anayeuliza jirani: sasa huyu atapigiwa na nani?

Wenye kamba wakaendelea kushusha.

Miezi imepita. Simu ya baba iko na mimi, mama alisema nikae nayo. Sijaizima. Huwa inalia hasa Alhamisi na Ijumaa, wakati watu wanatengeneza mipango ya mazishi, na kila mara ni sauti nisiyoijua: Mzee yupo? Tuna matanga Jumamosi. Mwanzoni nilikuwa nikikata. Baadaye nikajifunza kusema, "Mzee alitutoka," na kusikiliza ule ukimya wa upande wa pili.

Wiki iliyopita nilikuwa Adungosi, namsaidia mama kuanika mahindi, ikalia. Nikaitazama nikashindwa kabisa kuipokea. Mama akaniona. Akajipangusa mikono kwenye leso akaichukua.

"Halo."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya haraka haraka, nami niliisikia kutoka nilipokaa. Alikuwa anatafuta mzee wa tarumbeta.

"Huyo tulimzika, mwanangu," mama akasema.

Halafu yule mtu akasema, sauti imebadilika, "Pole sana, mama. Sikujua. Alimzikia ndugu yangu." Tukasikia anajaribu kuzuia kilio na kushindwa, mtu mzima, kwenye simu ya watu asiowajua.

Mama hakumkatiza. Alivuta kigoda, akaketi, akaihamishia simu kwenye sikio linalosikia vizuri.

"Na wewe," akamuuliza, "ni nani amekuacha?"